Kioo cha Kinyozi Chahamia Kliniki

Juzi nilipanga foleni kliniki pale mtaani kwetu Jericho, mimi mgonjwa mwenye sura nzuri kuliko wote, maana homa hii ya mafua haichagui. Sista alikuwa amebaki peke yake. Wenzake walikoholewa usoni wakipangusa makoo ya watu kwa pamba ya kupimia, na sasa wamelala kwao wakitetemeka. Basi yeye akaazima kioo cha kinyozi jirani, akakitundika ukutani, akawa anasimama nyuma ya mgonjwa na kuchungulia koo humo kiooni.

Mzee mmoja dereva akaketi, akajitazama, akasema, "Punguza pembeni, sharubu uache."

"Mzee, fungua mdomo!"

"Ala! Kinyozi gani mkali hivi?"

Pamba ilipogusa koo, mzee alikohoa kama lori bovu linalopanda mlima. Kioo kikalowa chote. Sista kule nyuma hakupata hata tone.

"Kohoa tena, baba," akasema akicheka.

Kinyozi amerudishiwa kioo chake, na anaapa kimeoshwa kwa dawa. Nasi twamwamini kabisa, ila kuketi mbele ya kioo hicho hatuketi. Kwa hiyo ukiniona mtaani na nywele kama kichaka, usidhani ni fasheni.