Fundi Saa na Yai la Siku Tatu

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, mtu akiingia na kiti chake kimejaa. Kwa miaka ishirini na sita alitengeneza saa za mkono humo, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, hadi watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Fundi Saa, basi. Kisha simu zikaingia mifukoni, na saa zikabaki mapambo.

"Mume wangu, siku hizi huko chini ya ngazi mnafukuzana wewe na nzi," mkewe alimtania. Alicheka, lakini maneno yalimwingia.

Siku moja akaja mama mmoja mwenye miwani, na saa ya marehemu baba yake. Alisimama akimtazama Fundi akirudisha mahali pake springi nyembamba kama unywele. Akangoja mpaka kifuniko kikafungwa.

"Mkono wako hautetemeki," alisema.

"Ukitetemeka, mama, nitakula nini?"

Mama yule alikuwa mwanasayansi wa chuo kikuu, wenzake wakimwita Daktari, na alikuwa amekwama kwenye kazi iliyotaka mkono wa namna hiyo. Wiki iliyofuata Fundi akajikuta maabara, ndani ya koti jeupe lililompwaya, mbele ya yai la kuku lenye umri wa siku tatu. Daktari alikata kidirisha kwenye ganda, akamsogezea darubini. Ndani kulikuwa na kijidudu cheupe kilichojikunja, na katikati yake tone jekundu likidunda. Moyo.

"Kila seli humu ina maagizo yote ya kuku mzima," Daktari alimweleza. "Hayo ndiyo jeni. Sasa, kwenye bawa, ambalo lina vidole ndani yake kama mkono, seli hii inajuaje iwashe jeni za kidole cha kwanza, na ile za kidole cha mwisho?"

"Lazima kuna msimamizi."

"Yupo. Ni kipande cha nyama ukingoni mwa bawa, upande wa nyuma. Kinatoa ishara. Seli zilizo karibu zinaisikia sana, zilizo mbali zinaisikia kidogo, na kila moja inafanya kulingana na ilichosikia."

Alichotaka kujua ni hiki: ishara ikikoma, seli zinakumbuka au zinasahau? Njia ilikuwa kuweka shanga ndogo kuliko punje ya mchanga, iliyolowekwa katika kemikali ya ishara ile, upande wa mbele wa bawa, kisha kuiondoa baada ya saa kadhaa. Kuiweka waliweza. Kuiondoa ndiko kulikowashinda wanafunzi wake, maana nyama ilichanika na kifaranga kikafa.

Wiki ya kwanza Fundi naye aliua kumi na moja. Akarudi nyumbani kanywea.

"Uliharibu saa ngapi kabla hujawa fundi?" mkewe aliuliza.

"Nyingi."

"Basi kaharibu na mayai."

Kesho yake alikaa kwenye darubini bila kugusa chochote, akitazama tu, mpaka akaona kosa lake. Alikuwa akifanya kazi kana kwamba kitu kile kimetulia, kumbe kila moyo ulipodunda, bawa nalo lilitikisika. Akaanza kuhesabu mapigo na kuingia kati ya pigo na pigo. Akatengeneza na kindoano kutoka kwenye springi ya saa iliyokufa. Katika mayai ishirini yaliyofuata, kumi na manne yalipona.

Shanga iliyokaa muda mfupi haikubadili kitu. Iliyokaa zaidi ilileta vidole vya ziada. Daktari alipotia rangi ya kuonyesha jeni iliyowashwa, zambarau ilikuwa bado imekolea, saa nyingi baada ya shanga kuondolewa. Alivuta stuli akakaa.

"Zinakumbuka," alisema taratibu. Fundi akainama tena kwenye darubini kuitazama ile zambarau.

Profesa mmoja wa nchi nyingine, aliyesoma rasimu ya makala yao, hakukubali. Aliandika kwamba shanga kama ile haiondoki salama, lazima wameacha mabaki. Alipokuja kwa mkutano, Daktari akamkaribisha aone kwa macho yake. Fundi akavuta pumzi, akahesabu, akaitoa shanga. Moyo haukuruka hata pigo moja. Profesa akaomba arudie. Akarudia mara tatu.

"Umesomea wapi?"

"Chini ya ngazi, profesa."

Profesa akadhani ni jina la chuo, akauliza kiko mji gani. Daktari alilazimika kugeukia ukutani ili acheke.

Makala ilipotoka, majina yalikuwa manne, na la tatu lilikuwa la Fundi, lile la wazazi wake, kwa ukamilifu. Mkewe aliikunjua mezani mbele ya mashemeji na jirani wawili. Maneno ya makala yote yalimpiga chenga, hivyo akasoma majina peke yake. Alipofika la tatu alisimama kidogo, akalisoma tena, safari hii kwa sauti ya kumfikia jirani wa nyumba ya tatu.

"Ulishasoma hapo," shemeji alisema.

"Najua," akajibu, na akaanza upya kutoka jina la kwanza.