Upande Upepo Unakotoka

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita, mdogo wangu hata meno ya utotoni hajang'oa. Niliacha shule nikashika kazi ya mama pale Maparoni, huko Kibiti, kubanika samaki. Unakaa ndani ya kibanda cha makuti, unanyunyizia maji kuni za mikoko zifuke moshi zisiwake. Ukitoka tu, moto unashika na samaki wanaungua. Mdogo wangu nilimkalisha nje na daftari lake, upande upepo unakotoka, moshi usimfikie. Akihama kufuata kivuli, nilimrudisha kwa kofi.

Alisoma mpaka akawa daktari bingwa. Sasa yuko hospitali kubwa mjini, anasomea ubingwa bobezi wa mapafu na wagonjwa mahututi. Mimi nikafika mahali siwezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Gari la wagonjwa lilinitoa Kibiti, nikalazwa wodini kwake.

Asubuhi ya tatu aliwatangulia wenzake, akachuchumaa kando ya kitanda.

"Dada, leo natahiniwa. Ugonjwa wako ndio hasa wanaoutaka. Lakini haturuhusiwi kumwasilisha ndugu kwenye mtihani. Usiseme tunajuana."

"Hata salamu nisiitikie?"

"Itikia kama mgonjwa."

Wakaja sita na mwalimu wao.

"Habari yako, mama," mdogo wangu akasema. Tangu ajue kusema hajawahi kuniamkia bila shikamoo.

"Nzuri, daktari."

Akaanza kusoma. "Mwanamke, hakumaliza shule ya msingi, kazi yake kubanika samaki. Amevuta moshi wa kuni zaidi ya miaka ishirini. Hakuwa na uelewa wa madhara yake."

Nilijua. Nisingejua, ningemwacha akae popote.

Mwenzake mmoja akainua picha ya kifua changu dirishani. "Hili dohani jamani, si pafu." Wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka.

Mwalimu akanigeukia. "Mama, kwa nini hukuacha?"

"Nilikuwa nasomesha."

"Ukimsomesha nani?"

"Mdogo wangu."

"Sasa yuko wapi?"

Nikamtazama mdogo wangu. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi. "Yuko kazini," nikasema.

"Vijana wetu hao! Wakishapata, hata nafasi ya kukaa na mgonjwa hawana." Kisha akawaambia wanafunzi wake kwamba imebaki mashine moja ya oksijeni ya kwenda nayo nyumbani, na anapewa mgonjwa mwenye ndugu atakayefundishwa kuitumia. "Huyu anaye ndugu wa kumhudumia?"

Swali hilo hakuniuliza mimi. Nikabana kikohozi ili nisikie jibu.

"Hana," mdogo wangu akasema, akaandika kwenye faili.

Mashine ikaenda kitanda cha pili, kwa bibi aliyekuja na binti yake. Yule binti alifundishwa mbele yangu, kitufe kimoja baada ya kingine.

Jioni mdogo wangu alirudi peke yake, uso umemnawiri. "Shikamoo dada. Nimefaulu!"

"Hongera, daktari."

"Ah, dada. Mimi tena unaniita daktari?" Akavuta shuka langu, akalinyoosha. "Kesho unaruhusiwa. Mimi nitakuwa zamu. Utarudi Kibiti na nani?"

Nilivuta pumzi mara tatu kabla sijapata ya kutosha kumjibu.

"Soma faili," nikamwambia. "Umeandika mwenyewe."