Utani Wangu Unamvua Mtani Wangu Koti la Heshima

Admin, nifiche jina. Sura usihangaike nayo, mikunjo imeshaificha. Nina miaka sabini na nne, mkulima wa kahawa huku Mbozi. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe ndiyo iliniacha. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie wanangu.

Kijijini kwetu tuna cheo cha Mzee wa Heshima. Mshahara hakuna. Unapewa koti jeusi na kiti cha mbele, na kwenye misiba wewe ndiye unayewaombea wafiwa. Mkutano wa kijiji ndio unaokupa, na ndio unaokuvua. Ukiugua unapumzishwa, koti unabaki nalo na utazikwa nalo. Ukilewa msibani unavuliwa mbele za watu, na kiti cha mbele hukikalii tena mpaka ufe.

Mwenye koti sasa ni mtani wangu. Ukoo wao na wetu tunataniana tangu enzi za mababu. Mimi namwita maiti inayotembea, yeye ananiita nyani. Mwaka jana tukichuma kahawa akaweka kikapu chini, akasema, "Nyani, kichwa changu kinavuja. Leo nimesahau jina la mke wangu. Ukiona nakosea mbele za watu, nifunike. Wasijue." Nikamwapia.

Nikamfunika kwa kitu pekee ninachokijua, utani. Akikosea jina la mtu, nampigia kelele, watu wanacheka, yanapita. Mpaka mwezi uliopita, msiba wa jirani yetu. Kasimama mbele ya jeneza, koti limenyooka, akasema, "Bwana harusi yuko wapi, tumwombee apate watoto?" Mjane akainua uso. Mimi na kiherehere changu nikaropoka, "Mtani, umekunywa nini asubuhi yote hii!" Watu wakacheka, nami nikajisifu moyoni kwamba nimemwokoa.

Kumbe nimemchongea. Wafiwa wamepeleka malalamiko kwa mwenyekiti kwamba Mzee wa Heshima alikuja msibani amelewa. Shahidi nani? Mimi! Na mtani wangu tangu abatizwe hajaonja pombe. Jumamosi mkutano unakaa kumvua.

Nikamwendea mkewe. "Shemeji, niruhusu niseme ukweli kuwa anaumwa, abaki na koti lake."

Akalia. "Usithubutu, shemeji. Watasema karogwa, watoto watamzomea njiani. Afadhali waseme mlevi. Mlevi akilala anaamka mzima."

Jana nikaenda kwa mwenyewe, amekaa anaota jua. Nikamwambia kuna mzee atavuliwa koti Jumamosi kwa ulevi msibani. Alisikitika kweli. "Mzee mzima, mbele ya maiti? Mtani, huyo avuliwe tu. Nitawahi nikae mbele, niwe wa kwanza kunyoosha mkono."

Mimi, mwenye mdomo kuliko wote kijijini, nikaaga nikarudi shambani.

Wanangu, nikisema, navunja kiapo na kumwanika mtu aliyeniamini. Nikinyamaza, atanyoosha mkono kujivua mwenyewe, halafu atanigeukia mimi mtani wake aniulize hawa watu wanamvulia nini. Hapo nitamjibu nini? Nishaurini, nifanyeje?