Mpakani niliitwa mke wa mwanaume mwingine, sasa mume wangu ana homa

Ndugu wa ukurasa huu, asanteni kwa kunifichia jina. Nina miaka ishirini na minne, nilimaliza sekondari, naishi Lubumbashi upande wa Kasapa, na ni bibi harusi mpya kabisa. Nampenda mume wangu hadi nikisikia viatu vyake uani natabasamu peke yangu jikoni. Sikujua mtu anaweza kufurahi hivi. Ndiyo maana naogopa.

Mimi ni Mkatoliki, wazazi wangu ni wa kaskazini mwa Katanga. Mume wangu ni wa Kasai. Kabla ya harusi, mama mkwe na shangazi za mume walinikalisha mkekani wakanieleza mwiko wao, tshibawu. Mke akishikwa na mwanaume mwingine, au akipokea kitu chake, lazima amwambie mumewe siku ileile. Kusema si aibu. Akinyamaza, ugonjwa unamwingia mume au watoto. Niliitikia huku nikicheka moyoni, maana nani angenishika mimi?

Baada ya harusi hatukutaka mambo makubwa. Tulibeba mabegi mgongoni, tukapanda basi la Lusaka, tuendelee hadi kwenye maporomoko ya Livingstone na kulala popote tutakapofika. Kuelekea Kasumbalesa nililaza kichwa begani kwake, nikaomba barabara isiishe.

Mpakani kadi ya chanjo ya mume wangu haikuonekana. Wakamzuia upande wetu wa Kongo. Akaniambia nitangulie ng'ambo, nimbembeleze dereva asituache. Upande wa Zambia ofisa akaniuliza kwa Kiingereza nitalala wapi, niko na nani. Anwani hatukuwa nayo, na Kiingereza changu cha shule kilinikimbia. Akaweka pasipoti yangu pembeni, akaniashiria nikae benchini. Wenzangu wa basi wakapita mmoja mmoja. Nje dereva alikuwa anapiga honi.

Ndipo papa mmoja, mzee mchuuzi aliyekuwa ameketi mbele yetu kwenye basi, akanishika mkono, akaninyanyua, akazungumza na ofisa kwa Kibemba. Kibemba kidogo nakielewa: alisema mimi ni mke wake. Ofisa akanitazama. Nikainamisha kichwa, mkono wangu ndani ya mkono wake, mpaka muhuri ukagongwa. Nje akaniachia, akaninunulia chupa ya maji.

"Kunywa, mama, usitetemeke vile."

Nikanywa.

Dereva akawasha gari. Nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, nikakataa kuingia, abiria wakinong'ona kwamba huyu mwanamke atatulaza hapa. Halafu nikamwona mume wangu anakimbia kati ya malori, kadi mkononi, begi linarukaruka mgongoni. Jamani, nililia. Akaniuliza nilivukaje peke yangu.

"Mungu njo alinisaidia," nikamjibu, kana kwamba ni Mungu peke yake.

Yule papa alisikia. Akageukia dirisha. Alishuka Chingola bila kuaga.

Livingstone tulilowa maji ya maporomoko, tumeshikana, tukicheka kama watoto. Sikutaka kuharibu furaha ile, siku zikapita. Tuliporudi tu, mume wangu akashikwa na homa. Maabara wameona malaria, dawa anakunywa, lakini homa inashuka asubuhi na kupanda tena jioni. Jana mama mkwe aliketi kando ya kitanda, akawa ananiangalia mimi, si mgonjwa.

"Mwana, kule mu njia, hakuna mwanaume mwenye alikugusa?"

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu alijiinua kwenye mto, akitetemeka.

"Mama, umuache. Kule mpaka, Mungu njo alimusaidia muke wangu."

Akanishika mkono. Ule uleule.

Mama mkwe atarudi Jumapili pamoja na shangazi. Nikisema, watatafuta kuku wa tambiko, mambo yatasafishwa kwa desturi yao, lakini mume wangu atajua kwamba amenitetea mbele ya mama yake kwa uongo niliompa mwenyewe. Nikinyamaza, kila nikimfuta jasho naiona ile chupa ya maji. Daktari anasema ni mbu. Moyo wangu unasema ni mimi.

Wenye ndoa, wenye kuujua mwiko huu, na ninyi wenzangu wa Kanisa, nishaurini kabla ya Jumapili. Nikikaa kitandani kwake leo, nianze na neno gani?