Moshi Ndani ya Gita

Mtu akikurudishia kitu chako huku anacheka, kikague kwanza ndipo useme asante. Shule sikusoma sana, lakini hilo nililisoma vizuri kwenye kiwanda cha majani chai, mahali nilipoacha vidole viwili vya mkono wa kushoto na kipande cha kiganja.

Walionifanyia hivyo nawajua. Aliyetoa kinga ya rola ni supavaisa wa zamu yetu, eti inachelewesha kazi. Aliyewasha mashini bila kuuliza kama kuna mtu ni opereta, leo ni mzee wa kanisa. Na aliyeapa kwamba nilikuwa nimelewa ni mtu wa chama chetu cha wafanyakazi, aliyekuwa akila omena kwangu kila Jumapili.

Tangu hapo siwezi kupiga gita. Nikabaki kuitengeneza, maana useremala nilikuja nao kutoka kwetu kando ya ziwa, na hapa Kiptere nimekaa mpaka mvi zimenikuta. Anayepiga sasa ni binti yangu. Muziki wake ni ule wa kukwanyua nyuzi kwa kucha, bila spika, watu wamenyamaza ukumbini. Mwaka jana alienda tamasha mjini Kericho na gita ya shule, ya plaiwudi. Majaji wakamwambia mikono yake ni mizuri, lakini waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Alirudi akalala bila kula. Nikasema mwaka huu atasikika hadi mlangoni.

Uso wa gita niliupata kwenye nguzo za ua zilizong'olewa, nguzo za tarakwet, ule mwerezi wa huku. Zilikuwa zimenyeshewa na kuchomwa na jua tangu kabla sijafika. Nje kijivu kama mfupa. Nilipozipasua, ndani wekundu na harufu kama ya sanduku la bibi arusi. Nikaunganisha mbao, nikaranda nikigonga, nikaranda nikigonga, mpaka zikaacha kusema "ko" kama meza zikaanza kusema "duum". Ubavu ni saiprasi, niliukunja juu ya bomba la moto. Chini ya uso, kwa ndani, nikabandika vijiti vyembamba vilivyotawanyika kama vidole. Hivyo ndivyo vinavyoibeba sauti. Kimoja kikiachia, gita inakuwa kama mtu mwenye mafua.

Ilipoanza kusema, jirani yangu, kiongozi wa kwaya, akaja.

"Jirani, niazime Jumapili moja tu. Tuko na shukrani nyumbani kwa mama."

"Na ikirudi na mkwaruzo?"

"Nitaibeba kama yai."

Nilitaka kukataa. Binti akaninong'oneza, "Baba, mpe. Si ndio walikuwa wanatuletea maziwa ukiwa hospitali?" Nikampa.

Ilirudi Jumatano, jirani mwenyewe akicheka, akisema mvua iliharibu barabara. Tamasha lilikuwa Jumamosi. Binti akakaza nyuzi, akagusa ule mnene. "Buu." Halafu kitu ndani kikalia trrr, kama nzi kwenye chupa. Nikanusa tundu: moshi. Nikamulika na tochi ya simu: weusi mtupu. Binti hakulia. Aliiweka chini taratibu, akampigia mwalimu wake kuomba ile ya plaiwudi.

Hapo akili yangu ikaenda moja kwa moja kwa ndugu ya huyo jirani, seremala wa vitanda kule Kapkatet. Wakati wa kiangazi alikuwa amekuja kwangu, akaniuliza, "Huo uso una unene gani?" Mtu wa vitanda anautakia nini unene wa gita? Kumbe waliingiza koroboi ndani wapime vijiti vyangu, wapate kuiga. Masizi ndiyo hayo.

Kesho yake asubuhi nikaenda kule walikofanyia shukrani. Mama yao, kogo, yaani nyanya, wetu sisi wote, alikuwa nje ya jikoni anaosha vibuyu.

"Chamgei, kogo."

"Mising. Umekuja na uso wa askari. Nani amekufa?"

"Gita yangu. Nani aliingiza koroboi ndani?"

Jirani akatokea kwa ng'ombe na ndoo ya maziwa. "Koroboi? Wee, huku tuko na stima siku hizi!"

"Na ndugu yako wa vitanda, alikuja Jumapili?"

"Alikuja kula kama watu wengine."

"Na kupima."

Kogo akacheka mpaka akashika kifua. "Ni mimi! Kitu chako kilinuka gundi. Nikaona kibuyu kizuri namna hii, mdomo mpana, na mwenyewe hajui kukitunza. Nikakihurumia."

Akanionyesha. Alikuwa amechoma kijiti cha senetwet, mti ule wanaoutumia kwa vibuyu vya mursik, maziwa yao ya kugandisha. Akakiingiza na kaa lake kwenye tundu la gita, akasugua kote kwa brashi yake ndefu.

"Sasa haiozi, na wadudu hawaingii. Mama yako hakukufundisha, wewe Mjaluo?"

"Mama yangu aliweka samaki, kogo, si maziwa. Ulisugua kwa nguvu?"

"Kibuyu hakitaki mkono legelege!"

Nilirudi nyumbani bila kujua nimkasirikie nani. Kijiti kilichoachia kilikuwa mbali, chini ya pale nyuzi zinapofungwa. Mkono wa binti uliingia lakini haukujua unatafuta nini. Wangu wa kulia ukakwama kwenye vifundo. Nikajaribu wa kushoto, ule uliopunguzwa. Ukapita. Nikakipata kijiti kwa ncha za vidole vilivyobaki, nikakipaka gundi, nikakibana kwa ubao mwembamba wa mwanzi mpaka kikakauka. Watu wataniambia Mungu alijua. Mimi yule supavaisa sijamsamehe.

Jumamosi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Binti akainama, akaanza, na kila uzi ukanifikia, ule mnene ukiwa wa mwisho kunyamaza. Kogo alikuwa mbele, akitingisha kichwa kama mwenye mali. Kando yake yule wa vitanda alikuwa ameshika kisogo kwa mikono miwili, anasikiliza tu.

Mimi niliendelea kumwangalia hiyo mikono, isije ikaanza kupima.