Viazi Katika Majivu ya Nyundo

Harufu ya mawese yaliyoungua ilikuwa ikituamsha kabla ya wakati wa shule. Tuliishi Gihundwe, ukuta mmoja na karakana ya baba, na kila alipozamisha nyundo za moto katika pipa la mafuta, moshi uliingia hadi ndani ya vyandarua. Baba alijifunza kusubu chuma cha pua huko Bukavu, tulikoishi kabla ya kurudi Rwanda, na riziki yetu ilikuwa nyundo za mashine ya kuponda mawe kule Bugarama. Watu hudhani kazi huisha chuma kikishamiminwa. Baba alisema nyundo ikitoka kwenye kalibu ya mchanga haina subira. Aliichoma mpaka ikawa nyekundu, akaizika katika lundo la majivu na pumba za mpunga ipoe polepole kwa siku mbili. Kisha aliichoma tena na kuizamisha katika mawese ipate ugumu, na mwisho akaipasha moto kidogo, ugumu upungue, isije ikapasuka kama sahani. Haraka haraka haina baraka, na pale karakana methali hiyo ilikuwa sheria.

Aliyetafuta vyuma chakavu na kulichunga lile lundo alikuwa Papa Bahati, mwenzake tangu Bukavu, mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha. Nilipokuwa na miaka tisa, katika msimu wa mvua, nyundo zilianza kupasuka. Mwenye mashine alirudisha vipande ndani ya gunia, akasema zikivunjika tena ataagiza kwingine. Hatukuwa na mteja mwingine wa kutulisha. Baba alibadilisha mafuta, akabadilisha makaa, wapi. Mwishowe alimgeukia Papa Bahati mbele ya mafundi na majirani, akasema kikulacho ki nguoni mwako.

“Chuma unaletaka ni mubaya,” alimwambia. “Kesho usikuye tena.”

“Chuma nakijua, Papa Neema,” alijibu Papa Bahati, akimwita baba kwa jina langu kama siku zote. Akachukua koti lake akaenda.

Hakuna aliyetaja viazi. Tangu mvua zianze, mimi ndiye niliyekuwa nikifukua upande wa lundo uliotazama jikoni na kuzika viazi vitamu, maana kiazi cha majivu yale kilikuwa kitamu kuliko cha sufuria, nami nilirudi kuvigeuza mara tatu, mara nne. Papa Bahati alipofukuzwa niliacha, kwa woga tu. Nyundo zilizofuata zikadumu. Majirani wakasema unaona sasa, mwenye kosa ameondoka. Nilielewa mara moja nilichofanya. Niliona haya, lakini woga ulizidi haya, nikanyamaza.

Siku hizi nachoma vyuma mwenyewe, karibu na uwanja wa ndege wa Kamembe, kwa tanuri la umeme lenye kipima joto kinachochora mstari. Upande mmoja wa chuma ukipoa upesi huku ule wa pili bado una moto, pande hizo huvutana, na ufa huanza ndani kabla jicho halijauona. Mfanyakazi akifungua mlango mapema, mstari unashuka, na tunajua ni zamu ya nani. Hafukuzwi mwingine kwa kosa lake. Mwaka jana, Papa Bahati akiwa amekwisha kuzikwa, nilimweleza baba yote. Alisikiliza huku akipuliza chai yake.

“Nilijuaka,” alisema. “Kesho ya kumufukuza nilionaka maganda ya viazi mu majivu. Lakini bantu bote balikuwa bameshasikia vile nilimusema.”

Nilimuuliza kama aliwahi kwenda kwa Papa Bahati kumwambia. Akasema hapana. Kisha akaniuliza kama mimi niliwahi kwenda. Nyumba ya Papa Bahati ilikuwa kwenye njia yangu ya shule. Nilipita mbele ya mlango wake kwa miaka sita, naye kila mara alinisalimia.