Mvua Juu ya Chumba cha Tantine

Harufu ya makapi ya mpunga, ile harufu kavu inayowasha pua, hunirudisha nyumbani kwetu Kisangani, katika chumba cha darini alichokaa Tantine Zawadi, shangazi yangu, mdogo wake papa. Kilikuwa stoo tu, chini kabisa ya mabati. Papa alikitia dirisha Tantine alipotufikia kutoka Maniema na cherehani yake. Mimi nililala naye, nikajiona mtu mkubwa: msichana pekee mtaani anayepanda ngazi kwenda kulala.

Mchana mabati yale yalituchemsha kama chikwange, ule mkate wa muhogo, ndani ya majani. Lakini Tantine hakulalamikia joto. Kilichomshinda ni mvua. Matone ya kwanza yakigonga bati, aliacha kushona, akashuka bila viatu, akakaa sakafuni jikoni na mikono masikioni hadi mvua ikatike. Nilidhani anaogopa radi.

Siku moja papa alirudi kutoka kinuni na toleka mbili, zile baiskeli za kukodi, zimelemewa na magunia ya makapi. Aliwaambia majirani, hata wasiouliza, kwamba dada yake hawezi joto la darini. Tukachanganya makapi na majivu ili panya wasihamie humo. Tantine akashona mifuko mipana, bapa kama magodoro, na papa akaibana chini ya mabati kwa mbao za tripleks. Aliposhuka nywele zimejaa makapi, mama alicheka hadi akakaa chini. Alisema ameolewa na kifaranga.

Haikupita wiki, mvua kubwa ikaja mchana. Kutoka dirishani niliona miti ikiinama. Tantine aliondoa mguu kwenye cherehani, akasikiliza. Papa alikuwa amesimama katikati ya ngazi, hapandi wala hashuki.

“Mvua iko inanyesha?” Tantine aliniuliza.

“Iko inanyesha, Tantine. Tena mingi.”

Akatazama dari kwa muda mrefu. Huko juu kulisikika mvumo tu, kama watu wanaozungumza nyumba ya pili.

“Bon,” akasema. “Nipe ule uzi mwekundu.”

Papa akashuka polepole.

Nilikuwa nimeshaolewa mama aliponieleza. Kule Maniema, wakati wa vita, risasi zilinyesha juu ya mabati ya nyumba ya Tantine mchana kutwa, na zilipokoma mumewe hakuinuka tena. Papa aliona dada yake angejisikia haya nyumba ikibadilishwa kwa ajili ya woga wake. Donc akasingizia joto. Na kweli joto lilipungua, kwa hiyo hakuna jirani aliyemshuku.

Tantine naye, mama alisema, alijua tangu mwanzo, akakubali tu kwamba ni joto. Ndugu wawili wale walitunziana siri hiyo maisha yao yote, na mimi katikati yao nilidhani tunajenga dari.